Jogoo mwekundu, mweusi, wa mistari au wa kijivu: yupi wa kuboresha rangi ya kuku wako?

Mwaka juzi mama jirani yangu hapa Morogoro alinisimamisha kwenye ua wa michongoma, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone. Kuku wangu wamebadilishwa."

Alikuwa na mtetea mmoja wa mistari, myeusi kwa myeupe, imepangika kama ukili kwenye mkeka mpya, na alimpenda kuliko kuku wote wa uani. Akamweka na jogoo mweusi mzuri, akamlalisha mayai kumi na matatu, wakatoka vifaranga kumi na mmoja. Nia yake ilikuwa kupata mitetea wengine wanaofanana na mama yao. Miezi mitano baadaye alikuwa na mapora (majogoo wachanga) watano, wote wana mistari, na mitetea sita, wote weusi tii. Hakuna binti hata mmoja aliyefuata rangi ya mama.

"Hakuna aliyekubadilishia, mama. Mtetea hampi binti yake mistari. Mistari ya mama huenda kwa watoto wa kiume tu."

Alinyamaza kidogo, akamtazama yule mtetea aliyekuwa anaparua chini ya mpapai. Kisha akauliza: "Basi ningeweka jogoo gani?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile, na jibu lake si moja. Wengi wetu tunachagua jogoo kwa macho: tunaona manyoya yanang'aa gulioni, tunatoa hela, tunamwachia uani. Lakini rangi unayoiona kwa jogoo si lazima iwe ndiyo atakayowarithisha watoto, na hata ile anayowarithisha itaonekana au itajificha kutegemea mitetea uliyo nayo. Kwa hiyo nawaweka hapa majogoo wanne wanaotafutwa zaidi, mmoja kando ya mwenzake, na mweupe nitamgusa njiani.

Unaitaka rangi ya nini?

Kabla ya jogoo, jiulize rangi itakufanyia kazi gani. Anayeuza kuku wa nyama kwa walaji wa mjini anajua kwamba mnunuzi hutazama manyoya kwanza ndipo ashike kifua. Kuku mweupe mtupu humfikiria kuwa wa kisasa hata kama amekulia porini na kula mchwa. Kuku wa kahawia iliyo sawa mwili mzima humshuku kuwa wa mayai aliyechoka. Kundi lenye wekundu, weusi na madoa ndilo linalomfanya aseme "hawa wa kienyeji kweli". Mwenzangu anayeuza majogoo kipindi cha sikukuu anataka jogoo mwenye shingo ya dhahabu na mkia mweusi unaopinda, kwa sababu huyo hununuliwa kwa kutazamwa. Wako wateja wanaokuja na rangi moja kichwani, mweusi mtupu au mwekundu mtupu, kwa mambo yao ya mila, na hao hawapunguziwi bei wala hawaombi kupunguziwa.

Halafu kuna mwewe. Kama kuku wako wanazurura mchana kutwa, kifaranga mweupe kwenye uwanja wa udongo mwekundu anaonekana kutoka mbali mno. Nimefuga weupe na wa kahawia uwanja mmoja, na waliopungua haraka walikuwa weupe. Rangi ya majani makavu aliyo nayo mtetea wa kienyeji wa kawaida, yule mwenye kahawia iliyotiwa vumbi jeusi, ni kinga ambayo mazingira yamemchagulia kwa miaka mingi. Usiifute uani kwako bila sababu.

Mwekundu na mweusi

Hawa wawili ndio wanaowachanganya watu zaidi, na ndio wanaopatikana kirahisi, kwa hiyo nakaa nao kwa muda.

Jogoo mwekundu tunayemwona sana ni mwenye damu ya Rhode Island Red, kuku aliyetengenezwa huko Marekani katika jimbo aliloitwa kwa jina lake. Tunao pia wekundu wetu wenyewe. Kuku wa Singamagazi wa upande wa Tabora ni wakubwa na wengi wao ni wekundu, na jogoo wao aliyekomaa hana cha kumwonea haya mgeni. Jogoo mweusi kwa kawaida ana damu ya Black Australorp, kuku wa Australia, na wengi wetu tunamfahamu kwa njia ya wale tunaowaita kuku wa Malawi.

Tofauti yao kubwa iko kwenye nguvu ya kurithisha. Weusi mtupu hutawala. Mweke jogoo mweusi halisi juu ya mitetea wekundu, wa kahawia au wa madoa ya kahawia, na karibu vifaranga wote watakuwa weusi. Mapora wachache watachomoza manyoya ya dhahabu au fedha shingoni na mabegani, basi. Kwa mtu anayetaka kundi lifanane katika uzao mmoja, hakuna jogoo anayemshinda mweusi.

Wekundu hauna ubabe huo. Mweke jogoo mwekundu juu ya mitetea weusi halisi, watoto watatoka weusi wenye wekundu shingoni na kifuani. Watu hukasirika hapa, wakamchinja jogoo wakidhani wametapeliwa. Subira. Chukua mabinti hao weusi, uwapandishe kwa jogoo mwekundu mwingine asiye baba yao, na karibu nusu ya vifaranga vyao watakuwa wa jamii ya wekundu. Uzao wa tatu kundi tayari lina sura nyingine. Juu ya mitetea wa kahawia mambo huenda haraka zaidi: watoto hutoka kahawia iliyokolea kuelekea wekundu tangu uzao wa kwanza, na ndiyo sababu kwa uwanja wa kawaida wa kijijini, wenye mitetea mingi ya kahawia, mwekundu hutoa matokeo mazuri bila kelele.

Kumbuka kwamba weusi hufunika, haufuti. Wale watoto weusi wa uzao wa kwanza wamebeba ndani yao rangi za mama zao. Ukiwaacha ndugu wapandane wenyewe kwa wenyewe, takriban mmoja katika kila wanne atatoka bila weusi ule, na utaona tena kahawia, wekundu na madoa uliyodhani yamekwisha. Hilo si kosa la mtu. Anayetaka weusi udumu lazima aendelee kuwapandisha mabinti kwa jogoo mweusi halisi, na kila msimu aondoe wanaochomoza rangi nyingine.

Kuna jambo moja la vifaranga weusi ambalo limewaponza wengi. Kifaranga wa kuku mweusi halisi hazaliwi mweusi wote. Tumbo lake ni jeupe au la njano mpauko, ncha za mbawa nyeupe, usoni ana baka. Hata manyoya yake ya kwanza ya mbawa yanaweza kuwa na weupe. Akibadilisha manyoya ya utoto, weupe unakwenda nao. Nimewahi kumwona mtu akitenga vifaranga saba wa kuuza bei ya chini kwa sababu "wametoka na damu ya kisasa", na walikuwa ndio weusi wazuri kuliko wote. Usimhukumu mweusi kabla ya miezi mitano.

Akishakomaa, mtoe juani asubuhi na umgeuze mgongo. Mweusi mzuri hutoa mng'ao wa kijani kama mgongo wa mbawakawa. Anayetoa zambarau, hasa kama zambarau imekatiza kwenye manyoya ya mkia kama michirizi, mwache wa kuuza. Mng'ao huo si rangi iliyopakwa ndani ya unyoya. Ni mwanga unaocheza kwenye tabaka za unyoya uliojengeka vizuri, kwa hiyo unakuambia pia kama kuku amekula vizuri alipokuwa akiota manyoya.

Mwekundu naye hukaguliwa kwa vidole. Pekua manyoya ya mgongoni mpaka kwenye ngozi. Kama wekundu unashuka hadi chini, una jogoo. Kama chini kuna kijivu cha moshi, watoto wake watakuwa na rangi iliyochafuka. Kama chini ni kweupe, watoto watapauka. Usimhukumu kwa manyoya ya juu peke yake, maana jua na mvua hupausha wekundu mpaka ukafanana na tofali la zamani. Inua ubawa uone manyoya yaliyofichwa, hapo ndipo rangi yake ya kweli ilipo.

Kwa joto, mwekundu ana nafuu. Kuku mweusi kwenye uwanja usio na mti, pwani au Dodoma mwezi wa kumi na moja, hutwetea mdomo wazi wakati mwekundu bado anaparua. Ukichagua mweusi, panda kivuli kwanza.

Wa mistari: jogoo anayehitaji kueleweka

Huyu ndiye nimpendaye, na ndiye anayewatatiza watu zaidi.

Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Kwa kuku ni mama. Jinsia hubebwa na kromosomu, nyuzi ndogo za urithi ndani ya mwili. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Mtetea ana Z moja na W moja. Jeni ya mistari, yaani kile kipande cha urithi kinacholeta mistari, inakaa kwenye Z. Mtetea anapompata mtoto wa kiume humpa Z yake, na kama ina mistari, mistari inakwenda nayo. Anapompata binti humpa W, ambayo haina mistari yoyote. Binti huipata Z yake kwa baba tu. Ndiyo maana mama jirani alipata mapora wa mistari na mitetea weusi, tena wote bila kukosea.

Sasa geuza. Weka jogoo wa mistari halisi, mwenye mistari kwenye Z zote mbili, kama kuku wa Marekani aitwaye Plymouth Rock wa mistari, juu ya mitetea yako ya rangi. Kila kifaranga, wa kike na wa kiume, atapata Z yenye mistari kutoka kwake. Juu ya mitetea weusi watoto wote watakuwa weusi wenye mistari. Juu ya mitetea wa kahawia watakuwa na mistari pia, na mapora wengine watabeba dhahabu shingoni na mabegani, rangi ambayo kwenye gulio husimamisha watu.

Shida ni kumpata huyo halisi. Mimi nilinunua jogoo wa mistari kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba baba na mama yake wote walikuwa wa mistari. Alikuwa mweusi uliokolea, mistari myembamba, mzuri wa kupendeza. Nikamweka na mitetea yangu weusi. Nilipowahesabu watoto, wenye mistari walikuwa kumi na wawili, wasio nayo kumi na mmoja. Nusu kwa nusu. Jogoo wangu alikuwa na Z moja tu ya mistari, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu siku ile ya kununua: jogoo mwenye dozi mbili za mistari, yaani kwenye Z zote mbili, huwa mweupe zaidi, mistari yake myeupe ni mipana sawa na ile myeusi au kuipita, na ukimwona kwa mbali anaonekana wa kijivu chepesi. Jogoo wa mistari aliyekolea weusi sawasawa na mtetea wa mistari ana dozi moja. Mtetea daima ana dozi moja, kwa hiyo yeye huwa amekolea. Ukiwaona jogoo na mtetea wa mistari wamefanana weusi kabisa, muulize muuzaji maswali zaidi.

Mistari ina faida nyingine ambayo nyekundu na nyeusi peke yake hazina. Ukimpandisha mtetea wa mistari kwa jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari, unaweza kutenganisha vifaranga dume na jike siku wanapototolewa. Washike mmoja mmoja, uwageuze kisogo kwenye mwanga. Mwenye doa jeupe kisogoni, kama tone la uji lililodondoka kwenye unyoya mweusi, ni dume. Asiye na doa ni jike. Mama jirani angejua siku ya kwanza kwamba ana mapora watano. Jambo hili si geni. Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Cambridge, aliwashauri wafugaji wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kutumia rangi ya manyoya kuwatambua vifaranga dume mapema, ili chakula kichache kilichokuwepo kisiwaishie wasiotaga. Nasi tunaonunua pumba na mashudu kwa bei ya leo tuna haja ileile.

Lakini jogoo wa mistari halisi akipandwa juu ya mitetea isiyo na mistari hakupi faida hiyo, kwa sababu wote wanapata mistari. Chagua moja: rangi kwa wote, au utambuzi wa jinsia siku ya kwanza.

Kwa anayependa kuona yote mahali pamoja, hivi ndivyo uzao wa kwanza unavyotoka kama jogoo ni halisi:

| Mtetea uliye naye | Jogoo mwekundu | Jogoo mweusi | Jogoo wa mistari (dozi mbili) |
|---|---|---|---|
| Mweusi | Weusi, wekundu kidogo shingoni | Weusi | Wote wana mistari |
| Wa kahawia | Wekundu na kahawia | Weusi. Mapora wengine wana dhahabu shingoni | Wote wana mistari. Mapora wengine wana dhahabu |
| Wa mistari juu ya weusi | Mapora wana mistari. Mitetea weusi wenye wekundu shingoni | Mapora wana mistari. Mitetea weusi | Wote wana mistari. Mapora weupe zaidi |

Mtetea mweupe sikumweka kwenye jedwali kwa makusudi. Kuku weupe hawako sawa. Mweupe wa aina ya Leghorn hufunika rangi nyingine, na watoto wake na jogoo mweusi hutoka weupe wenye vidoa vyeusi. Mweupe mwingine weupe wake hujificha mpaka uchangiwe na wazazi wote wawili, na watoto wake na jogoo wa rangi hutoka na rangi kamili. Kwa kumtazama huwezi kuwatofautisha. Watoto ndio watakaosema. Kama unataka rangi, uza weupe wako au wape mayai ya wengine walalie.

Kijivu: mzuri, lakini hatulii

Kijivu cha samawati, kama moshi wa mkaa unaoanza kuwaka, ndicho kinachowavutia wafugaji wa mapambo. Kuku anayejulikana zaidi kwa rangi hiyo ni Andalusian wa Hispania, ingawa siku hizi utaikuta kwa kuku wa aina nyingi. Ni rangi nzuri kuliko zote kwa kuitazama na ngumu kuliko zote kuitunza, na sababu ni hesabu.

Jeni ya kijivu hupunguza weusi. Dozi moja hugeuza mweusi kuwa kijivu. Dozi mbili humfanya kuku awe mweupe wa maziwa yaliyochanganyika na majivu, mwenye madoa ya kijivu yasiyo na mpangilio. Kwa hiyo ukimpandisha kijivu kwa kijivu, kwa wastani robo ya watoto watakuwa weusi, nusu kijivu, na robo wale wa majivu. Hutawahi kufika mahali kijivu wako wakazaa kijivu watupu, hata ukiwachagua miaka ishirini. Watu wamevunjika moyo kwa kutojua hili.

Dawa yake ni rahisi na wengi hawaiamini mpaka waione: mchukue jogoo wa majivu, yule ambaye kila mtu angemchinja kwa sababu ya sura, umpandishe kwa mitetea weusi. Watoto wote watakuwa kijivu. Mwanasayansi William Bateson alipoonyesha mwaka 1902 kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia, kuku ndio waliomsaidia, na kijivu huyu ndiye mfano ambao wanafunzi wamefundishwa tangu zamani.

Kumbuka jeni hii inagusa weusi tu. Jogoo wa kijivu juu ya mitetea wekundu atakupa karibu nusu kijivu na nusu weusi, wengine wakichomoza wekundu shingoni, jambo zuri kwa jicho, lakini si kundi la kijivu. Na kwa biashara ya nyama sioni kwa nini umlipie bei ya ziada. Mchague kama unauza vifaranga kwa wapenzi wa kuku wa mapambo, au kama unampenda tu. Kupenda nako ni sababu.

Kabla hujamfungulia mlango jogoo mpya

Majogoo wote wanne wataharibikiwa na haraka ileile. Mbegu ya jogoo wa zamani hukaa hai ndani ya mtetea kwa wiki mbili hadi tatu. Ukimtoa jogoo leo na kumweka mpya kesho, mayai ya wiki mbili zijazo hujui ni ya nani. Watenge mitetea uliowachagua, subiri wiki tatu, bora nne, ndipo ukusanye mayai ya kulalisha. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Na jogoo wa jirani anayeruka ukuta alfajiri anaweza kufuta kazi yako ya msimu mzima. Mama mmoja aliniambia alikuwa anawafungia mitetea wake mpaka saa nne kila siku, na alifanikiwa.

Jogoo mgeni mtenge peke yake kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kumchanganya, na hakikisha kundi lako limechanjwa kideri. Rangi nzuri haina thamani ndani ya shimo la kuzikia kuku.

Usichukue jogoo wa kurekebishia rangi kutoka kwa kuku wa chotara kama Kuroiler au Sasso. Ni kuku wazuri wa kukua, wana rangi za kupendeza, lakini wametokana na mchanganyiko wa koo kadhaa za wazazi, na watoto wao hutawanyika rangi na uzito. Vilevile mitetea wa mayai wa kahawia wanaouzwa wakishachoka: pekua manyoya yao chini, mara nyingi utakuta kweupe. Wakipandishwa kwa jogoo wako mwekundu wanaweza kukuletea mabaka meupe ambayo utayafukuza kwa miaka.

Na mpime jogoo kwa zaidi ya manyoya. Damu ya Australorp, Rhode Island Red na Plymouth Rock huongeza mayai na uzito, lakini hupunguza hamu ya kulalia. Usipokuwa na mashine ya kutotolea, bakiza mitetea kadhaa wa kienyeji wasioguswa, wenye tumbo linalopenda kulalia, hata kama rangi yao haikufurahishi. Hao ndio wanaoendesha kila kitu.

Chakula nacho kina neno. Unyoya karibu wote ni protini, na kuku anayebadilisha manyoya akilishwa pumba tupu atatoa manyoya hafifu, yaliyofifia, mengine yenye mchirizi mweupe ambao si wa urithi. Ongeza dagaa au mashudu ya alizeti wakati wa kunyonyoka, wape majani, waue utitiri bandani, kisha ndipo useme huyu ana rangi mbaya.

Nilimjibu nini mama

Tulikaa chini ya ule mpapai na hesabu ya alichokuwa nacho: mtetea mmoja wa mistari aliyeanza kuzeeka, mabinti sita weusi, mapora watano wa mistari, na mitetea wawili wa kahawia wa dada yake waliokuwa wanalala kwenye banda moja. Alitaka mitetea wa mistari. Hakuwa na hela ya kununua jogoo wa mbali.

Niliwaweka mapora watano mbele yake tukawatazama. Wote walikuwa na dozi moja, kwa sababu baba yao alikuwa mweusi. Lakini nikamwambia: chagua mmoja, mwenye kifua kipana na upanga wa kichwani ulionyooka, umrudishe kwa mama yake mara moja tu. Robo ya watoto watakuwa mapora wenye dozi mbili, na hao utawajua kwa weupe wao. Mmoja kati ya hao ndiye jogoo unayemtaka; mabinti sita weusi ndio wake zake, na watoto wao wote watakuwa na mistari. Wale mapora wengine wanne uza sikukuu ikikaribia. Baada ya hapo leta jogoo wa damu nyingine, tusiwaozeshe ndugu kila msimu.

"Mwanangu, hiyo ni miaka miwili."

"Ni miaka miwili, mama."

Alilalisha mayai tisa ya yule mtetea mzee. Wakatoka saba. Jioni moja wiki ile nilimkuta ameketi kwenye kigoda na kibatari, amewapanga magotini juu ya kanga, anawageuza visogo mmoja baada ya mwingine. Wawili doa lao lilikuwa pana kuliko la wenzao, limesambaa mpaka shingoni. Alikuwa ameshawafunga nyuzi nyekundu miguuni.